Jinsi ya kupanga wachezaji bora wa soka wa mwaka: mwongozo kamili, kutoka karatasi tupu hadi namba moja

Orodha nyingi za wachezaji bora wa mwaka huharibika kabla jina la kwanza halijaandikwa. Mtu ana nyota wake kichwani, anamweka namba moja, kisha ndipo anamtafutia sababu. Mabao yakimbeba anataja mabao, makombe yakimbeba anataja makombe, na vyote vikigoma anasema huyu mpira anaujua. Muulize kwa nini kigezo kilichompandisha wa kwanza hakikutumika kwa wa tano, utaona anavyohangaika.

Hapa tunaigeuza kazi hiyo: kanuni zitangulie, majina yafuate. Itakuchukua jioni kadhaa, na jioni nyingi zaidi kati ya hizo zitaishia kwenye kutazama mechi. Ukiifanya hivyo, beki ambaye hakufunga bao hata moja mwaka mzima naye anapata haki yake.

Hatua ya 1: Amua mwaka wako unaanza lini na unaisha lini

Swali hili linaonekana dogo, lakini nusu ya ubishi wote unatoka hapa. Kuna mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, na kuna msimu, ambao kwa ligi nyingi za Ulaya huanza Agosti na kumalizika mwishoni mwa Mei, na mashindano ya mataifa kufuata Juni na Julai. Ballon d'Or, tuzo maarufu ya mchezaji bora wa mwaka, ilihesabu mwaka wa kalenda kwa miongo mingi, kisha kuanzia tuzo ya 2022 ikahamia kwenye msimu.

Tazama mabadiliko hayo yanavyoweza kuhamisha mambo. Kombe la Dunia la Qatar lilichezwa Novemba na Desemba 2022, lakini kwa kuwa lilikuwa ndani ya msimu wa 2022/23, likahesabiwa kwenye tuzo ya 2023, na Lionel Messi akaichukua mbele ya Erling Haaland. Kwa upande mwingine, mabao 91 ambayo Messi aliyafunga mwaka 2012, 79 akiwa na Barcelona na 12 akiwa na Argentina, ni hesabu ya kalenda. Ukipanga kwa msimu, mabao hayo yanagawanyika kwenye misimu miwili na namba hiyo haipo tena.

Ushauri wangu: kama orodha yako ni ya wanaocheza ligi kubwa za Ulaya tu, tumia msimu. Kama unataka kuwaingiza wa Brazil, Norway, Sweden au Marekani, ambako ligi zimezoeleka kuanza na kumalizika ndani ya mwaka mmoja, tumia kalenda, vinginevyo utakuwa unapima nusu ya ligi zao. Ukishaamua, andika tarehe mbili juu ya karatasi, ya kufungua na ya kufunga. Usiziguse tena.

Mwaka 2013 unaonyesha kwa nini. Muda wa kupiga kura ya Ballon d'Or, uliokuwa umalizike katikati ya Novemba, uliongezwa hadi mwishoni mwa mwezi, na Novemba 19 Cristiano Ronaldo akafunga mabao yote matatu ya Ureno walipoifunga Sweden 3-2 ugenini na kufuzu Kombe la Dunia. Ronaldo akashinda. Franck Ribéry, aliyekuwa ametwaa ligi, kombe la Ujerumani na Ligi ya Mabingwa akiwa na Bayern Munich, akamaliza wa tatu. Huenda Ronaldo angeshinda hata bila siku zile. Lakini tarehe iliyosogezwa imewaachia watu swali ambalo hadi leo halijibiki.

Hatua ya 2: Nani anaruhusiwa kuingia

Hapa pita haraka, ila usiruke. Wanaume na wanawake wapangwe kwenye orodha mbili tofauti. Ligi zote au baadhi? Mechi za timu ya taifa zinahesabiwa? Za kirafiki? (Mimi za kirafiki siziingizi kabisa.)

Kanuni ya nani anaruhusiwa inaweza kubadilisha historia yenyewe. Ballon d'Or ilipoanza 1956, ilikuwa ya wachezaji wa mataifa ya Ulaya pekee. Ndiyo maana mwaka 1986, mwaka ambao Diego Maradona aliibeba Argentina hadi kutwaa Kombe la Dunia, tuzo ilikwenda kwa Igor Belanov wa Umoja wa Kisovieti. Maradona hakushindwa kwa kura, hakuwa na nafasi ya kupigiwa kura. Mlango ulifunguliwa 1995, na George Weah wa Liberia akaingia na kushinda mwaka huohuo. Kwa hiyo unapobana orodha yako, sema wazi umeibana wapi, ili msomaji asidhani waliokosekana wamepimwa wakaonekana wadogo.

Hatua ya 3: Andika vigezo, na uvipe uzito kabla ya kutazama jina lolote

Ballon d'Or hutumia vigezo vitatu kwa mpangilio: kwanza kiwango cha mchezaji mwenyewe na namna alivyoamua mechi, pili mafanikio ya timu yake, tatu nidhamu na uungwana uwanjani. Sifa za maisha yote ya soka ziliondolewa kwenye vigezo 2022, na nadhani walifanya jambo jema. Unapanga mwaka, hupangi jina.

Mimi hugawa alama 100 hivi: 50 kwa kiwango chake mwenyewe, 25 kwa alichofanya kwenye mechi nzito, 15 kwa mchango wake katika mafanikio ya timu, na 10 kwa uthabiti, yaani mwaka mzima alikuwepo au alionekana miezi miwili akapotea. Unaweza kugawa kwa namna nyingine. La msingi ni kwamba mgawanyo uandikwe sasa, wakati bado hujui unamsaidia nani.

Angalia vizuri hizo alama 15 za timu. Nasema mchango wake, sisemi makombe yake. Kikosi kizima kinavaa medali, pamoja na kipa wa tatu. Swali la kujiuliza ni moja: ukimtoa huyu, timu ingefika? Na hata jibu likiwa hapana, makombe yasimeze vigezo vingine. Wesley Sneijder mwaka 2010 alitwaa mataji matatu makubwa na Inter, akaifikisha Uholanzi fainali ya Kombe la Dunia akiwa na mabao matano, na bado kwenye kura alimaliza wa nne, nyuma ya Messi, Andrés Iniesta na Xavi. Watu waligawanyika kwa sababu kila mmoja alikuwa na mizani yake kichwani na hakuna aliyeiandika.

Hatua ya 4: Tengeneza orodha ndefu

Kusanya majina 40 hadi 60. Usiyatoe kichwani peke yake, maana kichwa hukumbuka washambuliaji na mechi za mwezi uliopita. Pita ligi moja baada ya nyingine na jiulize, katika timu nne za juu, ni nani aliyeibeba kila timu. Kisha pita fainali zote za mwaka huo na uandike waliotawala. Kisha tazama timu za katikati ya msimamo, kwa sababu kuna mtu huko ameizuia timu nzima isishuke daraja na hakuna anayemtaja.

Kila nafasi iwe na watu: makipa wasiopungua wanne, mabeki wa kati, mabeki wa pembeni, viungo wakabaji, viungo washambuliaji, mawinga, washambuliaji wa kati. Ukikuta majina 30 kati ya 50 ni ya wafungaji, rudi nyuma ukaanze upya.

Weka pia kiwango cha chini cha dakika. Ligi ya timu 20 ina mechi 38 kwa kila timu, sawa na dakika 3,420, na ligi ya timu 18 ina mechi 34, sawa na dakika 3,060. Mimi hudai nusu: 1,710 au 1,530. Aliyeumia akacheza chini ya hapo anaweza kuwa bora kuliko wote, lakini hakuucheza mwaka.

Hatua ya 5: Takwimu, kwa mpangilio wake

Usilinganishe jumla kwa jumla. Linganisha kwa kila dakika 90. Gawanya dakika zote kwa 90 upate idadi ya mechi kamili, kisha gawanya mabao kwa hiyo idadi.

Mfano. Mshambuliaji wa kwanza ana mabao 18 kwa dakika 2,430, yaani mechi kamili 27, kwa hiyo 0.67 kwa mechi. Wa pili ana mabao 22 kwa dakika 3,330, mechi kamili 37, kwa hiyo 0.59. Mwenye mabao machache ndiye mkali zaidi? Bado. Ondoa penalti. Wa kwanza alifunga sita kwa penalti, anabaki na 12, sawa na 0.44. Wa pili alifunga moja, anabaki na 21, sawa na 0.57. Hesabu imepinduka, na hakuna aliyedanganya popote. Penalti haidharauliwi, lakini takribani tatu katika kila nne huingia, na mara nyingi aliyeitafuta si aliyeipiga.

Baada ya mabao na pasi za mabao, tafuta nafasi alizotengeneza, mabao tarajiwa (makadirio ya mabao kulingana na ubora wa nafasi alizopata), mipira aliyonyang'anya, pasi zilizovunja mstari wa wapinzani, na mara ngapi alipokonywa mpira akiwa upande wake. Kila takwimu ilinganishwe ndani ya nafasi ileile. Winga aliyepokonywa mpira mara nyingi huenda anafanya kazi yake ya kuthubutu. Kiungo mkabaji akifanya hivyo, timu inafungwa.

Takwimu zikushushie orodha kutoka 50 hadi 20 hivi. Hapo zimemaliza kazi yake kubwa.

Hatua ya 6: Tazama mechi

Hapa ndipo wengi wanapokata kona, na hapa ndipo orodha nzuri inapotengenezwa. Kwa kila mmoja wa hao 20, tafuta mechi tano kamili, si vipande vya mabao: mbili dhidi ya wapinzani wakubwa, moja ya kawaida, moja ambayo timu yake ilifungwa vibaya, na moja ya mtoano. Ile ya kufungwa usiiruke. Mchezaji akizidiwa ndipo unapojua anajificha nyuma ya beki au anaomba mpira.

Kipindi cha kwanza tazama kama kawaida. Kipindi cha pili mwangalie yeye tu, hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Kwa kiungo, hesabu mara anazogeuza shingo kutazama nyuma kabla mpira haujamfikia. Kwa beki wa kati, tazama miguu yake wakati krosi inapopigwa: amesimama bapa, au amejigeuza nusu ili amwone mtu na mpira kwa pamoja? Kwa kipa, tazama amesimama wapi kabla ya shuti, maana kipa aliyejipanga vizuri hana haja ya kuruka sana.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2025, PSG 5 Inter 0, ni darasa zuri la kutazama bila mpira. Ousmane Dembélé alimaliza msimu ule na mabao 35 katika mashindano yote, lakini fainali ile hakufunga. Ukitazama vipande vya mabao pekee, unaona pasi zake mbili za mabao basi. Tazama mechi nzima, na uangalie Inter wanapojiandaa kupiga goli kiki. Dembélé anasimama ukingoni mwa boksi, magoti yamekunjwa kidogo, macho hayabanduki kwa kipa Yann Sommer, kama mkimbiaji anayesubiri mlio wa kuanza. Mpira ukiguswa tu, ameshaondoka. Hakuna safu ya takwimu inayobeba kile alichomfanyia yule kipa usiku ule, na kwangu mimi kilikuwa na thamani ya bao.

Andika ulichokiona palepale, kwa sentensi mbili tatu. Usiandike "alicheza vizuri". Andika "dakika ya 70 timu iko nyuma, anashuka hadi kwa mabeki kuchukua mpira mwenyewe". Sentensi hizo zitakuokoa kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Mechi nzito zina uzito gani hasa

Robo fainali si sawa na mechi ya Septemba dhidi ya timu ya mkiani. Lakini mechi moja nayo haitoshi kuwa mwaka. Ninatofautisha namna mbili. Kuna mfululizo, kama wa Karim Benzema kwenye Ligi ya Mabingwa msimu wa 2021/22: mabao matatu dhidi ya PSG kipindi cha pili wakati Real Madrid walikuwa karibu kutolewa, matatu mengine ugenini kwa Chelsea, kisha mabao ya kuwavusha mbele ya Manchester City. Mabao 10 kwenye hatua za mtoano peke yake. Hapo nampa alama zote 25.

Halafu kuna usiku mmoja, kama wa Ademola Lookman mwezi Mei 2024 mjini Dublin, alipofunga mabao yote matatu ya Atalanta kwenye fainali ya Europa League dhidi ya Bayer Leverkusen, timu iliyokuwa haijafungwa mechi 51 mfululizo. Usiku mkubwa kuliko huo ni mgumu kuupata. Nampa alama nyingi za mechi nzito, kisha narudi kwenye daftari kuona kiwango na uthabiti wake wa miezi mingine, na nafasi yake inaamuliwa na vyote hivyo kwa pamoja.

Hatua ya 8: Panga ndani ya nafasi, kisha linganisha wawili wawili

Usijaribu kumlinganisha kipa na winga mapema. Panga makipa wako kwanza, mabeki wako, viungo wako, washambuliaji wako. Ukishakuwa na namba moja wa kila nafasi, ndipo unawakutanisha, na swali linakuwa: ni nani aliyekwenda mbali zaidi juu ya kile ambacho mchezaji mzuri wa nafasi yake hufanya? Kwa swali hilo Fabio Cannavaro anaeleweka namba moja mwaka 2006. Italia walitwaa Kombe la Dunia wakiruhusu mabao mawili, moja la kujifunga na moja la penalti. Hakuna mpinzani aliyewafunga katika mchezo wa kawaida mashindano yote, na yeye ndiye aliyekuwa nahodha katikati ya ukuta ule. Kwa swali hilohilo unaona pia jinsi kura zinavyowasahau makipa: Lev Yashin, 1963, ndiye pekee aliyewahi kuichukua Ballon d'Or.

Kisha wawili wawili. Chukua namba tatu na namba nne, waweke mezani, jiulize nani alikuwa na mwaka bora, sogeza, endelea. Nikupitishe kwenye jozi moja ngumu, Rodri wa Manchester City na Vinícius Júnior wa Real Madrid, msimu wa 2023/24.

Vinícius: ubingwa wa Hispania na wa Ulaya, mabao mawili ugenini kwa Bayern kwenye nusu fainali, bao kwenye fainali dhidi ya Borussia Dortmund. Mechi nzito, alama zote. Rodri: ubingwa wa Uingereza na wa Ulaya kwa mataifa, na tuzo ya mchezaji bora wa Euro. Manchester City walipoteza mechi tatu tu za ligi msimu ule, dhidi ya Wolves, Arsenal na Aston Villa, na zote tatu Rodri hakuwepo.

Wengi huishia hapo na kumpa Rodri. Lakini subiri. Hakuwepo kwa nini? Alikuwa amefungiwa. Kadi nyekundu dhidi ya Nottingham Forest ndiyo iliyomtoa kwenye mechi za Wolves na Arsenal. Kwa hiyo ukweli uleule unaopandisha umuhimu wake unashusha nidhamu yake, na lazima uuandike pande zote mbili. Vinícius naye alikosa robo fainali ya Copa América dhidi ya Uruguay kwa kadi za njano, na Brazil wakatolewa kwa penalti. Nidhamu inawaacha sawa. Kiwango cha mwaka mzima, wiki kwa wiki, ndicho kilichonipeleka kwa Rodri, kwa tofauti ndogo sana. Anayempa Vinícius kwa kuzipa uzito zaidi mechi za mtoano sina la kumlaumu, mradi uzito huo aliuandika kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 9: Mkiwa wengi, alama zina siri yake

Mkipanga kama kundi, kila mtu aandike orodha yake na kuifunga kabla hajaona ya mwenzake. Kisha mwamue alama za kila nafasi, na hapa muwe macho. Tuseme mko kumi. Wachezaji wawili wanagombea: wa kwanza amewekwa namba moja na watu sita na namba tatu na wanne. Wa pili amewekwa namba mbili na wale sita, na namba moja na wale wanne.

Mkitumia 15, 12, 10, ambazo ndizo alama za nafasi tatu za juu kwenye Ballon d'Or ya 2024, wa kwanza anapata 130 na wa pili 132. Mkitumia 10, 5, 3, wa kwanza anapata 72 na wa pili 70. Mkitumia 6, 4, 3, wote wanapata 48. Kura hazijabadilika hata moja. Pengo kubwa kati ya namba moja na mbili humbeba anayependwa sana na wengi, pengo dogo humbeba anayekubalika na wote. Chagueni mnachotaka kabla ya kufungua karatasi. Na msishangae tofauti zikiwa nyembamba: mwaka 1966 Bobby Charlton alimshinda Eusébio kwa alama moja, 81 kwa 80, na 2019 Messi alimpita Virgil van Dijk kwa alama saba.

Hatua ya 10: Funga, na uandike sababu

Iache orodha siku nne au tano bila kuigusa. Ukirudi, funika majina na usome sababu peke yake. Kama sababu za namba sita zinasomeka nzito kuliko za namba nne, kuna jina linalokuvuta. Rekebisha.

Kwa kila mchezaji wa kumi bora andika mistari mitatu: alichofanya, kilichomnyima nafasi ya juu zaidi, na mechi moja ambayo anayetilia shaka aende akaitazame. Wawili wakilingana kabisa, waache walingane, nafasi ya tano iwe na watu wawili na ya sita isiwepo.

Mwisho andika tarehe uliyofunga. Ukija kubadili mawazo baadaye, usifute. Andika pembeni kwa wino mwingine, pamoja na mechi iliyokubadilisha. Ukurasa wangu wa 2010 una jina la Sneijder juu kabisa kwa wino wa bluu, na pembeni, kwa wino mwekundu, jina la Xavi.